Chumvichumvi imeua shamba langu au nimeliua mwenyewe? Majibu ya maabara haya hapa

Mwanavwawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina ekari nne huku Mbozi, mahindi na maharage. Shamba niliachiwa na baba mwaka 2008. Enzi zake kulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja nyuma ya nyumba. Tukawauza mmoja mmoja, ada za shule zikawamaliza. Tangu hapo mimi ni mtu wa mifuko: DAP ya kupandia, urea ya kukuzia, kisoda kimoja kila shimo, sijawahi kuruka msimu.

Miaka ya mwanzo nilikuwa napata gunia 20 mpaka 22 kwa ekari. Msimu uliopita 13. Mifuko ni ileile, na mbegu ya sasa ni bora kuliko ya zamani. Udongo ndio umebadilika. Mvua ikinyesha maji yanasimama, jua likiwaka unakauka kama sakafu, plau inateleza juu juu.

Mwaka huu nikasema ngoja nipime. Nilipeleka sampuli mbili. Ya shambani: pH (kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka chini ya 7 ndivyo asidi inavyozidi) 4.9, kaboni asilimia 0.9. Ya pili niliichota pale lilipokuwa zizi la mzee, ambapo sasa mke wangu analima maboga: pH 6.1, kaboni asilimia 2.6. Kutoka hapa hadi pale ni hatua mia moja tu. Kilima kimoja, udongo uleule mwekundu.

Kaka yangu anasema mbolea za dukani, hizi tunazoita chumvichumvi, zimeunguza ardhi, na naelekea kumwamini. Nataka niachane nazo kabisa nirudi kwenye samadi. Wenye uzoefu nishaurini kabla sijakurupuka.

JembeButu

Kaka yako yuko sahihi. Jina lenyewe linajieleza, chumvichumvi. Mwaga chumvi bustanini uone kama kuna kitu kitaota. Wazee wetu walilima bila mfuko hata mmoja, wakala na wakasaza.

Mama_Tungule

Nafuatilia, na mimi nina kesi kama hii kwenye nyanya.

mzee_ugani

Nimekuwa bwana shamba miaka 31, nimestaafu, kwa hiyo nina muda wa kubishana.

JembeButu, wazee wetu walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: ardhi ya kupumzisha. Walilima miaka mitatu, minne, wakahama, pori likarudi kwa miaka kumi na zaidi. Hilo pori ndilo lilikuwa mfuko wao. Leo Mwanavwawa ana ekari nne na hana pa kuhamia.

Na hizi mbolea kuitwa chumvi si kwamba ni ya mezani. Ni lugha ya kemia tu. Urea yenyewe hata chumvi si chumvi, na hiyohiyo imo kwenye mkojo wa ng'ombe wa mzee wako.

Sasa mwenye uzi, kabla sijasema lolote, nijibu swali moja. Ukishavuna, mabua yanakwenda wapi?

Mwanavwawa

Shikamoo mzee. Mabua wanakula ng'ombe wa watu, hapa kwetu baada ya mavuno shamba ni la wote. Yanayobaki nachoma mwezi wa kumi ili plau ipite vizuri.

mzee_ugani

Marahaba. Hapo ndipo lilipo kaburi, na si DAP iliyolichimba.

Udongo una mboji. Hiyo mboji ni mabaki ya mizizi, majani, kinyesi, na miili ya vijidudu wenyewe, na zaidi ya nusu yake ni kaboni. Maabara hupima kaboni kisha huzidisha kwa 1.72 kupata mboji. Kwa hiyo 0.9 yako ni mboji ya asilimia moja na nusu hivi, na pale zizini ni kama nne na nusu. Mboji ndiyo inayogandisha chembe za udongo zikawa punje punje, maji yakapenya. Ikiisha, punje zinavunjika, tone la mvua linapiga na kuziba matundu. Ndiyo sakafu unayoiona.

Vijidudu wanaila mboji hiyo kila siku, zaidi sana ukilima na kugeuza ardhi kwenye joto. Hawaombi ruhusa. Kwa hiyo kila mwaka shamba linatoa, na lazima kitu kiingie. Urea haina cha kuwapa. Ina nitrojeni asilimia 46, na kaboni yake kidogo hupaa kama hewa ndani ya siku chache. Kinachoweza kuingia ni mmea: mizizi, mabua, au mmea uliopitia tumboni mwa ng'ombe. Wewe mabua unayatoa yote, nusu kwa mdomo wa ng'ombe wa jirani, nusu kwa kiberiti. Imebaki mizizi peke yake kufanya kazi ya watu watatu.

JembeButu

Mzee nakuheshimu ila umekwepa. Zizi 2.6, shamba 0.9. Pale samadi, huku mbolea ya duka. Ushahidi gani mwingine unataka?

Wa_Harpenden

Naingilia hapo. Nipo Uingereza kimasomo, na mwaka jana tulipelekwa kuona shamba la Rothamsted, mji wa Harpenden. Kuna kiwanja kinaitwa Broadbalk kimepandwa ngano tangu 1843, hakijaacha. Walioanzisha ni John Bennet Lawes na mwenzake Joseph Henry Gilbert. Kichekesho ni kwamba huyo Lawes alikuwa mfanyabiashara wa mbolea ya kiwandani: mwaka 1842 alichukua hataza ya superfosfeti. Yaani muuza mbolea ndiye aliyeacha ushahidi ambao watu wa samadi wanautumia hadi leo.

Kuna kipande hakijawekewa chochote. Vingine vimekuwa vikipewa nitrojeni, fosforasi na potasiamu za kiwandani. Kingine kinapewa samadi, tani 35 kwa hekta, kila mwaka. Mimi sikujua tani 35 ni nini mpaka niliposimama pale nikahesabu malori kichwani.

Kipande cha samadi kaboni yake imepanda zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa mwanzo. Mpaka hapo JembeButu anashangilia. Lakini kipande cha mbolea ya kiwandani hakijafa. Kina kaboni zaidi kidogo ya kile kisichowekewa kitu. Si nyingi, ila zaidi. Sababu ni ya kawaida kabisa: ngano iliyoshiba ina mizizi mingi na visiki vinene, na hivyo vinabaki ardhini. Chumvichumvi inajenga mboji kwa mlango wa nyuma, kupitia mmea wenyewe.

Halafu kuna jambo linalohusu zizi la baba yake Mwanavwawa. Jirani na hapo kuna kiwanja cha shayiri, Hoosfield, kimeanza 1852. Kipande kimoja kilipewa samadi miaka 20 tu, 1852 hadi 1871, wakaacha. Zaidi ya karne imepita na ukipima bado kina kaboni kuliko jirani yake ambaye hajawahi kupewa. Kwa hiyo maboga ya shemeji yetu yanakula kinyesi cha ng'ombe waliouzwa zamani.

Mwanavwawa

😂😂 Nitamwambia. Huwa anajisifu ni mkono wake.

Kajiado_to_Kiambu

Habari zenu wadau, mimi ni wa upande wa Kenya. Uingereza kuna baridi, vijidudu wanalala nusu ya mwaka. Tuongee ya huku kwetu.

Kabete, nje tu ya Nairobi, kuna jaribio la tangu 1976 kwenye udongo mwekundu mzito, mahindi mvua ndefu na maharagwe mvua fupi. Vipande vya mbolea ya ng'ombe tani 0, 5 na 10 kwa hekta. Vya mbolea ya duka, nitrojeni kilo 0, 60 na 120, pamoja na fosforasi. Na kila kimoja wanacho cha mabua kurudishwa na cha mabua kuondolewa. Nilifika pale nikiwa mwanafunzi.

Matokeo ya miaka 18 ya kwanza yaliniuma. Kaboni ilishuka kila mahali. Hata kipande kilichopewa samadi, mbolea ya duka na mabua, vyote vitatu, kilishuka. Tofauti ilikuwa ni kasi. Kisichopewa kitu na mabua kuondolewa kilishuka kabisa, kilichopewa vyote kilishuka kidogo. Ardhi ya kwetu ukishaifungua na kuilima mfululizo, kuibakiza pale ilipokuwa ni vita, sembuse kuipandisha. Kwa hiyo mtu akikuambia utarudisha shamba kwa msimu mmoja, muulize anauza nini.

Mama_Tungule

Hahaa, mimi niliuziwa chupa ya kunyunyizia, naambiwa inaamsha udongo, inatosha ekari nzima. Nusu lita. Jina la aliyeniuzia sitaji, ila udongo bado umelala.

mzee_ugani

Nusu lita kwa ekari ni sawa na kumlisha tembo karanga moja. Ngoja niwape hesabu, chukueni kalamu.

Ekari moja, kina cha sentimita 20, ina udongo wa tani 1,050 hivi. Kuipandisha kaboni kwa asilimia 0.1 tu, yaani kutoka 0.9 kwenda 1.0, unatakiwa uongeze kaboni ya tani moja na kidogo inayobaki. Samadi kavu nzuri ina kaboni kama asilimia 30, ukiwa na bahati haijachanganyika na mchanga wa zizini. Na hiyo haibaki yote. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio ya nchi nyingi ulipata kwamba baada ya wastani wa miaka 18, kaboni ya samadi iliyobaki ardhini ni kama asilimia 12. Iliyobaki imeliwa na vijidudu ikarudi hewani.

Kwa hiyo tani moja ya samadi kavu: kaboni kilo 300, itakayobaki kilo 36. Gawanya mwenyewe. Unahitaji tani 29 kavu kwa ekari, upate asilimia 0.1. Ukiweka tani tatu kila mwaka, ni kama miaka kumi.

Zizi la baba yako halikuwa shamba. Lilikuwa rundo. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wanakula kilima kizima mchana na kuja kukimimina usiku kwenye eneo la ukubwa wa sebule tatu. Hiyo 2.6 ni ya kilima chote. Ukiitandaza kwenye ekari nne unabaki na rangi tu.

Kibanja_Bukoba

Mzee amegusa penyewe. Huku kwetu Kagera mambo haya tunayaishi. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, udongo mweusi unaoingiza mguu. Rweya ni ile mbuga ya nyasi inayofuata, ukipanda mahindi pale yanatoka ya njano kama yana homa. Mgeni anadhani Mungu aliumba udongo wa aina mbili.

Ng'ombe walichungwa rweya, wakalala kwenye kibanja. Nyasi zilifyekwa rweya, zikatandazwa chini ya migomba. Vizazi na vizazi mali inatembea upande mmoja tu. Kibanja kimenenepa kwa sababu rweya imekonda. Watu wakisifia kilimo chetu cha asili, mimi huwauliza kama wamewahi kukanyaga rweya.

Na siku hizi mwenye ng'ombe ni mmoja kwa nyumba nyingi, kwa hiyo hata vibanja vinachoka.

JembeButu

Kwa hiyo samadi ni wizi?

Kibanja_Bukoba

Sijasema wizi mkuu. Ni usafirishaji. Inatoka mahali.

Kajiado_to_Kiambu

Usafirishaji wenyewe. Jina langu hamjaliuliza. Malori yanatoa mbolea ya boma kwa Wamaasai Kajiado, yanapandisha kwenye kahawa na mboga za Kiambu. Pesa inarudi Kajiado, rutuba hairudi.

Mtafiti_Mdogo

Naomba niongeze ugomvi mmoja wa kitaalamu maana JembeButu ana wenzake wakubwa. Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois kina viwanja vya Morrow, tangu 1876. Mwaka 2007 watafiti wa hapohapo walitoa andiko wakisema miongo ya nitrojeni nyingi ya dukani imepunguza kaboni, eti nitrojeni inawatia vijidudu njaa ya kula mboji. Likasambaa sana. Watu wa Rothamsted na wengine wakajibu: mmelinganisha udongo wa leo na wa miaka hamsini nyuma, na kweli umeshuka, lakini mmeangalia kipande cha jirani kisichowekewa nitrojeni? Kile kimeshuka zaidi.

Narudi kwa mwenye uzi. Wewe nawe umelinganisha shamba lako na lilivyokuwa 2008. Hatuna kipande chako ambacho hakikupewa DAP miaka yote hii huku mabua yakichomwa vilevile. Mimi naamini kingekuwa chini ya 0.9.

JembeButu

Sawa, kwenye mboji nakubali kushindwa kwa pointi. Ila pH 4.9 ni nani kaileta? Hiyo nayo ni kiberiti?

mzee_ugani

Hapana, hapo umeshika. Hapo mbolea ya duka ina kesi ya kujibu.

Urea, DAP, na SA (salfeti ya amonia) ndiyo baba lao, zina nitrojeni ya aina ya amonia au inayogeuka amonia. Vijidudu wakiigeuza kuwa nitreti wanaachia asidi. Mmea ukiinywa nitreti yote, hasara ni ndogo. Mvua ya Mbozi ikiisomba kwenda chini, inaondoka na kalsiamu na magnesiamu, asidi inabaki. Miaka 15 ya hivyo bila chokaa, unafika 4.9. Chini ya 5.5 aluminiamu inaanza kuyeyuka, ncha za mizizi zinadumaa. Na fosforasi ya DAP uliyoilipia inanaswa na udongo mwekundu. Mizizi ikidumaa mboji inayoingia nayo inapungua, maana tulishasema mizizi ndiyo iliyokuwa imebaki peke yake.

Ndiyo maana mifuko ileile inakupa gunia 13. Mbolea haijapoteza nguvu, imekosa mdomo wa kuilia.

Samadi hairushi pH chini, mara nyingi inaipandisha kidogo. Zizini kwenu 6.1. Ila kwa shamba lako usiisubiri samadi ifanye kazi ya chokaa.

Mwanavwawa

Wakuu nimeelewa mengi ila nimechanganyikiwa kidogo. Nikiacha mabua shambani nisiyachome, nikanunua samadi, urea niache au niendelee?

Mtafiti_Mdogo

Endelea, tena ukiacha mabua ndiyo usiiache. Bua la mahindi lina kaboni nyingi mno, kama sehemu 60 kwa sehemu moja ya nitrojeni. Vijidudu wanataka mlo wa karibu 25 kwa moja. Ukiyafukia makavu, watanyang'anya nitrojeni ya udongo na mahindi yatatoka ya njano wiki za mwanzo. Wengi hapo ndipo husema "nilijaribu mabua yakaharibu shamba" wakarudi kwenye kiberiti. Yaache juu kama matandazo, au changanya na samadi, na urea iwepo.

Hesabu ya nitrojeni nayo. Tani tatu za samadi kavu zina nitrojeni kama kilo 36, lakini mwaka wa kwanza hutapata zaidi ya theluthi hivi. Ni kilo 12. Mfuko mmoja wa urea una kilo 23. Samadi peke yake kwa kiasi unachoweza kukipata itakupa njaa.

Kibanja_Bukoba

Na samadi usiilundike juani ukaiacha inyeshewe. Chimba au jenga kibanda, funika kwa majani ya migomba au turubai. Ile harufu kali inayochoma pua ni nitrojeni inakuaga. Usiipeleke mbichi shambani, utapanda magugu ya vijiji vitatu.

Mama_Tungule

Mbegu za mchicha pori 🙌 Ulijuaje.

mzee_ugani

Kwa pH yako ningeanza na chokaa ya kilimo msimu huu, kipimo uulize maabara waliokupimia, wana jedwali. Kwenye kupandia, achana na DAP kwa muda. Iko ya fosfeti ya Minjingu, inatoka kwetu Manyara, ina kalsiamu na inafanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi kama wako. Samadi usiimwage ovyo ekari nne nzima, weka kwenye mashimo ya kupandia, kiganja kimoja kimoja, na anza na ekari moja. Maharage zungusha na mahindi. Kiberiti mpe mke wako jikoni.

Mwanavwawa (siku tisa baadaye)

Narudisha mrejesho.

Nimekaa na shemeji yangu mwenye ng'ombe saba, ndiye anayeongoza kuingiza mifugo shambani kwangu. Nilimwambia mabua si ya bure tena. Alicheka, akadhani nimerukwa na akili, kwamba nimeanza kuuza takataka. Nikamwonyesha karatasi ya maabara. Hakuielewa, ila aliamini kwa sababu ina muhuri.

Tumekubaliana hivi: ng'ombe wake watakula ekari mbili, ekari mbili hawakanyagi. Kwa hizo mbili ananiletea mikokoteni ishirini ya samadi kutoka zizini kwake. Tatizo ni majirani wengine, mila ya huku shamba lililovunwa halina mwenyewe. Nimeanza na uzio wa miti na mazungumzo na mwenyekiti wa kitongoji.

Chokaa nimepata mifuko, bado kusambaza. Na nimetenga kipande cha hatua ishirini kwa ishirini, pale sitaweka kitu chochote, wala mfuko wala samadi, na mabua nitayatoa. Mtafiti_Mdogo, hicho ndicho kipande ulichosema sina.

Mzee wa ugani, mkokoteni mmoja uliojaa samadi nusu kavu ni kilo ngapi? Nataka nijue kama shemeji amenipunja.

mzee_ugani

Inategemea mkokoteni na unyevu. Usikisie. Pima debe moja kwenye mizani, kausha kiasi kidogo juani siku tatu upime tena, halafu hesabu madebe. Na mchunguze asiwe anachota na mchanga wa chini.

Mwanavwawa

Mchanga upo. Leo nimeuona.